Spidomita na Mwendo wa Kweli

Spidomita ya gari haipimi mwendo moja kwa moja. Huhesabu mizunguko, ama ya gurudumu lenyewe ama ya gia inayokwenda sambamba na magurudumu, kisha hesabu hiyo hugeuzwa kuwa kilomita kwa saa. Ugeuzaji huo unategemea dhana moja: kwamba gurudumu likizunguka mara moja gari husogea umbali uleule siku zote, liwe tupu au limepakia, tairi liwe jipya au kipara. Tairi halina utii wa namna hiyo, kwa hiyo kosa dogo ni la kutarajiwa. Lakini tairi peke yake halielezi kwa nini spidomita nyingi hukosea upande mmoja tu. Huonyesha mwendo mkubwa kuliko ule halisi, na ni nadra kuonyesha pungufu. Kosa la bahati mbaya lingetawanyika pande zote mbili. Hili limepangwa, na limepangwa na sheria zaidi ya mafundi.

Kuhesabu mizunguko ya gurudumu ni ufundi wa kale. Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi wa karne ya 1 kabla ya Kristo, aliandika juu ya gari la kukokotwa lenye gurudumu la mzingo wa futi 12 na nusu. Mizunguko 400 ilitimiza futi 5,000, yaani maili moja ya Kirumi, na kila maili ilipotimia kijiwe kimoja kilidondoka ndani ya chombo cha shaba. Mwisho wa safari vijiwe vilihesabiwa. Umbali ulipatikana, lakini mwendo ni jambo jingine, kwa sababu unadai umbali ugawanywe kwa muda, tena papo hapo, huku chombo kikiendelea kwenda.

Jibu la kuridhisha lilichelewa hadi mwishoni mwa karne ya 19. Josip Belušić, mzaliwa wa Istria katika himaya ya Austria na Hungaria, alipata hataza ya kipima mwendo cha umeme mwaka 1888, na mwaka uliofuata kikaonyeshwa Paris. Hata hivyo chombo kilichokuja kutawala dashibodi kwa takriban miaka 80 ni cha mhandisi Otto Schulze wa Strasbourg, mji ambao wakati huo ulikuwa wa Ujerumani. Hataza yake ni ya mwaka 1902.

Ubunifu wa Schulze unastahili kuelezwa kwa kirefu, maana urahisi wake ndio ulioupa ushindi, na urahisi huohuo ndio uliouwekea mipaka. Kebo ya waya uliosokotwa huzunguka ndani ya ala yake kutoka kwenye gia boksi, au kwenye gurudumu la mbele, hadi nyuma ya dashibodi, na huko huzungusha sumaku ya kudumu. Karibu na sumaku hiyo kuna kikombe chepesi cha alumini kisichogusana nayo. Alumini haivutwi na sumaku iliyotulia, lakini sumaku ikizunguka huamsha ndani ya alumini mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo huzaa usumaku wake unaokiburura kikombe kiifuate sumaku. Kikombe kingezunguka bila kukoma kama kisingezuiwa na springi nyembamba, ya jamii ya zile zilizomo ndani ya saa. Kebo ikienda kasi zaidi, mburuto huongezeka, kikombe hujipinda zaidi dhidi ya springi, na mshale uliofungwa kwenye mhimili wake hupanda. Hakihitaji betri, hakina meno yanayosuguana kati ya sumaku na mshale, na gharama yake ni ndogo.

Haikuwa njia pekee. Nchini Marekani, spidomita za Joseph W. Jones zilitumia vipande vizito vilivyotanuka kadiri mhimili ulivyozunguka kwa kasi. Uingereza ilikuwa na aina nyingine iliyobeba mtambo wa saa ndani yake: ilihesabu mizunguko katika kipande cha muda kisichobadilika, kisha ikausogeza mshale kwa kuruka hadi kwenye jibu jipya. Wapanda pikipiki za Kiingereza waliufahamu mshale huo unaorukaruka hadi miaka ya 1960. Spidomita hizo zilikuwa sahihi kuliko za sumaku, kwa kuwa kweli ziligawanya hesabu kwa muda, lakini zilikuwa na vipande vingi na bei kubwa. Soko la magari ya watu wa kawaida likachagua sumaku na springi. Usahihi ulikuwepo tayari; hakuna aliyetaka kuulipia.

Kilichoifanya spidomita iwe chombo cha lazima ni faini. Uingereza iliwekea mipaka ya mwendo mitambo ya barabarani mwaka 1865: maili 4 kwa saa mashambani na 2 mijini. Mwaka 1896 Walter Arnold akatozwa faini katika jimbo la Kent kwa kuendesha kwa maili 8 kwa saa mahali palipotakiwa 2, na polisi aliyemfukuza alikuwa juu ya baiskeli. Sheria ya mwaka 1903 ilipandisha kikomo hadi maili 20, kama kilomita 32. Polisi walijificha kwenye vichaka vya kando ya barabara wakiwa na saa za kusimamishwa kwa kidole, wakipima muda ambao gari lilitumia kupita umbali uliopimwa. Chama cha waendesha magari cha Uingereza, kinachojulikana kwa herufi AA, kilianzishwa mwaka 1905 hasa ili kuwaonya madereva juu ya mitego hiyo. Katika ugomvi wa namna hii dereva asiye na kipimo alikuwa na neno lake tu mbele ya hakimu, na kwa hiyo wenye uwezo wakanunua spidomita kwa hiari. Baadaye hiari ikawa amri: mwaka 1935 kikomo kilirudi kwenye maeneo ya makazi, safari hii cha maili 30, baada ya kuondolewa kwa magari madogo kwa miaka michache, na kuanzia Oktoba 1937 kila gari jipya lilipaswa kuwa na spidomita.

Hapo ndipo swali la kosa lilipoanza kuwa la kisheria. Kwa miaka mingi sheria ya Uingereza iliikubali spidomita iliyokosea kwa asilimia 10, juu au chini. Katika uhandisi huo ni uvumilivu wa haki, wenye ulinganifu. Mahakamani ni jambo tofauti kabisa. Ikiwa mshale unasoma 30 na gari liko 33, dereva mtiifu anavunja sheria huku chombo alicholazimishwa kuwa nacho kikimhakikishia kwamba yuko salama. Ikiwa mshale unasoma 33 na gari liko 30, dereva anachelewa kidogo na hakuna anayelalamika. Makosa mawili yanayolingana kwa namba hayalingani kwa madhara.

Ni vema kueleza kwanza kosa lenyewe linatoka wapi. Katika spidomita ya kebo linaanzia kwenye gia ndogo, mara nyingi ya plastiki, inayozungusha kebo. Vipimo vya viwanda vya Japani viliweka mizunguko 637 ya kebo kwa kila kilomita; Marekani ilitumia takriban 1,000 kwa kila maili. Mtengenezaji hupata namba hiyo kwa kuchagua idadi ya meno kulingana na tairi na difu ya gari husika. Lakini meno hayagawanyiki. Gia ikitoka meno 19 kwenda 20, usomaji hubadilika kwa asilimia 5 hivi, na jibu sahihi likiangukia katikati ya namba hizo mbili, mhandisi lazima aamue akosee upande gani.

Baada ya gia kuna sumaku na springi. Kiwandani kila spidomita ilirekebishwa kwa kuongeza au kupunguza kidogo nguvu ya sumaku hadi mshale uangukie palipotakiwa. Miaka ikipita sumaku hufifia na usomaji hushuka. Springi ikilegea usomaji hupanda. Joto nalo huongeza ukinzani wa alumini, mikondo ikadhoofika na mshale ukashuka, hivyo watengenezaji waliweka kipande cha aloi ya nikeli na chuma karibu na sumaku ili kusawazisha athari hiyo. Halikuwa suluhisho kamili. Gari lililoachwa juani adhuhuri na lilelile alfajiri yenye baridi yangeweza kutoa usomaji usiofanana.

Chanzo kikubwa, na ambacho hata elektroniki haijakiondoa, ni tairi. Tairi la kipimo cha 205/55R16 lina kipenyo cha milimita 632 hivi kabla ya kubeba uzito. Likiwa jipya lina kina cha kashata kama milimita 8. Likichakaa hadi 1.6, kiwango ambacho nchi nyingi huliona tairi limekwisha, nusu kipenyo kimepungua milimita 6 na zaidi kidogo, yaani asilimia 2. Tairi dogo huzunguka mara nyingi zaidi katika kilomita ileile, kwa hiyo gari lenye matairi yaliyochakaa husoma mwendo mkubwa kuliko lilipokuwa na mapya. Upepo mdogo na mzigo mzito huongeza athari hiyo kwa kiasi kidogo. Kwa tairi za radial, ambazo Michelin iliziingiza sokoni miaka ya 1940, mkanda wa chuma chini ya kashata haubadiliki urefu kirahisi, hivyo upungufu wa upepo hausogezi usomaji sana. Tairi za kizamani zilizofumwa kwa nyuzi za mshazari zilitanuka zenyewe kwenye mwendo mkali, na spidomita haikuwa na namna ya kulijua hilo.

Kisha kuna kuteleza. Magurudumu yanayosukuma gari huzunguka zaidi kidogo ya umbali linaokwenda, hasa kwenye mwendo mkubwa ambako upepo unalisukuma gari nyuma. Mfano uliokithiri anaujua kila aliyekwama kwenye tope la masika: gari limesimama palepale, magurudumu yanachimba, na spidomita ya kebo inasoma 40.

Vyanzo hivi vyote vikijumlishwa hutoa kosa la asilimia chache, baadhi likisogea juu na baadhi chini. Kilichoyakusanya makosa yote upande mmoja ni kanuni iliyoandikwa Ulaya katika miaka ya 1970. Jumuiya ya Ulaya ilitoa mwongozo wake mwaka 1975, na Tume ya Umoja wa Mataifa ya Uchumi wa Ulaya ikafuata kwa Kanuni Na. 39, iliyoanza kutumika mwaka 1978 na ambayo leo inafuatwa na nchi nyingi nje ya Ulaya. Kiini chake ni sentensi mbili. Mwendo unaoonyeshwa usiwe kamwe chini ya mwendo halisi. Na ziada isipite asilimia 10 ya mwendo halisi pamoja na kilomita 4 kwa saa. Gari linalokwenda 50 kwa kweli linaruhusiwa kuonyesha chochote kati ya 50 na 59. Likiwa kwenye 80, hadi 92. Likiwa kwenye 120, hadi 136. Linaloonyesha 79 likiwa kwenye 80 limeshindwa mtihani.

Matokeo ya sentensi ya kwanza hayaepukiki. Kiwanda kinachotengeneza magari laki kadhaa hakiwezi kuyafanya yote yalingane. Kikilenga usahihi kamili, karibu nusu ya magari yake yataonyesha pungufu kwa uchache fulani, na nusu hiyo yote itakuwa kinyume cha kanuni. Tena gari huuzwa likiwa na chaguo la rimu na matairi tofauti, na kanuni lazima itimizwe na tairi kubwa kuliko yote katika orodha, likiwa jipya. Kwa hiyo mhandisi huisogeza shabaha juu, asilimia 3 au 5, ili hata gari lenye bahati mbaya kuliko yote libaki upande halali. Mwenye tairi dogo lililochakaa ndiye anayepata ziada kubwa zaidi. Usahihi umebaki kuwa jambo linaloruhusiwa, ila hakuna mtengenezaji mwenye sababu ya kuukaribia sana.

Si nchi zote zilizofuata njia hiyo. Serikali kuu ya Marekani haijaweka kiwango cha usahihi kwa magari ya watu binafsi. Kwa malori na mabasi ya biashara inataka kosa lisizidi maili 5 kwa saa, juu au chini, kwenye mwendo wa maili 50. Kwa muda mfupi kuanzia mwaka 1979 ilijishughulisha badala yake na namba zilizochorwa kwenye uso wa chombo, ikakataza spidomita kupita maili 85, kana kwamba dereva asiyeona 100 hataitamani. Katazo hilo lilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Australia ilikaa na asilimia 10 juu au chini hadi katikati ya miaka ya 2000, kisha ikahamia kwenye mfumo wa Kanuni Na. 39.

Habari ya Japani inaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa sababu magari mengi yanayoshushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa yalitumika huko kwanza. Katika ukaguzi wa lazima wa Japani, gari huwekwa juu ya magurudumu ya kupimia na kuendeshwa hadi mshale usome 40. Kwa magari yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 2007, mwendo halisi uliruhusiwa kuwa popote kati ya kilomita 31 hivi na 44.4 kwa saa. Kwa yaliyofuata, kikomo cha juu kilibanwa hadi 42.55. Maana yake ni kwamba gari la zamani kutoka Japani lingeweza kupita ukaguzi likionyesha pungufu ya asilimia 10. Mengi hayako hivyo, lakini mnunuzi wa gari la mwaka 1998 hana sababu ya kuamini kwamba kosa la chombo chake liko upande wa usalama.

Barabara mbovu huongeza jambo jingine. Ili gari liinuke, wengi huliwekea matairi manene kuliko ya kiwandani. Toka 195/65R15 kwenda 205/70R15, kipenyo kinapanda kutoka milimita 634 hadi 668, zaidi ya asilimia 5. Gari lililokuwa likisoma 100 huku likienda 96 sasa linakwenda 101 kwa usomaji uleule. Akiba ya kiwandani imekwisha yote, na dereva aliyezoea kuongeza kidogo kwa kuamini kwamba spidomita inazidisha atalijua hilo siku atakapopigwa tochi. Chombo hicho cha trafiki hakihesabu mzunguko wowote. Hupima mwendo wa gari kwa mawimbi yanayogonga bodi na kurudi.

Elektroniki ilibadilisha njia, si shabaha. Kebo ilianza kutoweka katika miaka ya 1980, nafasi yake ikachukuliwa na vihisi vinavyotuma mapigo ya umeme kutoka kwenye gia boksi, na baadaye kutoka kwenye magurudumu yote manne kupitia vihisi vya breki za ABS. Kompyuta hupokea mapigo hayo na kuuamuru mshale, au namba za kwenye kioo. Meno yasiyogawanyika, sumaku inayofifia na springi inayolegea vimekwisha. Ziada haijaisha. Sasa imeandikwa ndani ya programu, kama asilimia fulani inayoongezwa kabla ya namba kuonyeshwa. Ushahidi uko kwenye gari lenyewe. Mita ya kilomita, inayohesabu mapigo yaleyale, kwa kawaida haiongezewi chochote, na wastani wa mwendo unaotolewa na kompyuta ya safari mara nyingi huwa chini ya ule ambao dereva alikuwa akiuona njia nzima. Mpango huo ulikuwepo hata enzi za kebo: mita ya kilomita iliendeshwa kwa gia, mshale kwa sumaku, hivyo mshale uliweza kupandishwa bila kuigusa mita.

Kwa muda mrefu ni wachache waliojua. Hali iligeuka baada ya Mei 2000, Marekani ilipoacha kupunguza makusudi usahihi wa mawimbi ya GPS kwa raia. Kipokezi cha bei nafuu, na baadaye simu ya mkononi, kikaweza kupima mwendo kwa kuchunguza mabadiliko ya masafa ya mawimbi ya setilaiti, kikiwa na kosa dogo sana kwenye barabara iliyonyooka chini ya anga wazi. Ndani ya handaki au katikati ya majengo marefu hakitegemewi, na hicho ni kimojawapo cha vizuizi vinavyokifanya kisichukue nafasi ya kuhesabu magurudumu. Lakini kiliwaonyesha mamilioni ya madereva kwamba 100 yao ni 95.

Tofauti hiyo huungana na uvumilivu wa polisi. Ujerumani hukata kilomita 3 kutoka kwenye kipimo cha kamera chini ya mwendo wa 100, na asilimia 3 juu ya hapo. Ufaransa hukata 5 na asilimia 5. Polisi wa Uingereza wana mwongozo wa asilimia 10 kuongeza maili 2. Makato hayo yamewekwa kwa ajili ya makosa ya kipimo cha polisi, lakini dereva huyapata juu ya ziada ya spidomita yake, na hivyo katika nchi hizo mtu anaweza kusoma namba iliyo juu kabisa ya kikomo bila kuandikiwa faini.

Kwenye mabasi akiba hiyo haina kazi. Kenya iliyalazimisha matatu kuwa na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa mwaka 2004, chini ya masharti yanayoitwa kwa jina la waziri John Michuki. Nchini Tanzania mabasi ya masafa marefu hufuatiliwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, kwa mfumo wa setilaiti, ambao hauujui mshale wa dereva. Dereva anayeona 84 anaweza kuwa hajafika 80 kwa mtambo wa mamlaka. Ulaya imekwenda hatua nyingine: tangu Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa katika Umoja wa Ulaya lina mfumo unaosoma vibao vya mwendo kwa kamera au ramani na kumwonya dereva anapovipita. Kanuni Na. 39 nayo inaendelea kutumika, na sharti lake la kutoonyesha pungufu liko palepale.